Kipindi cha redio nacho kihesabiwe

Msimu wa kuomba kupandishwa cheo ukikaribia, walimu wa uandishi wa habari na mawasiliano huanza kuhesabu makala za majarida, basi. Leo nimeliwaza tena jambo hili na naona tunajipunja wenyewe. Chukua Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mizizi yake ni chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa 1975 na kuingizwa chuo kikuu mwaka 2003. Pale kuna redio na televisheni za Mlimani, na gazeti la mafunzo, The Hill Observer. Mwalimu anayesimamia kipindi kwenye vyombo vya namna hii anatafiti, anahariri na kufundisha kwa wakati mmoja. Kipindi kikishakwenda hewani, ushahidi wake hupotea, na kamati ya kupandisha vyeo haiwezi kupima kisichoonekana.

Sababu kubwa ya kupotea ni nafasi ya kuhifadhia. Faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la stereo, kwa 48 kHz na biti 24, hula takriban MB 17 kwa dakika. Kipindi cha nusu saa kinafika karibu MB 520, na studio yenye diski ndogo hufuta vya zamani ili vipya viingie. Kwa hiyo mwalimu asitegemee kompyuta ya studio. Achukue nakala yake wiki ileile: WAV iende kwenye diski ya nje, na MP3 ya kbps 128, yaani sauti iliyobanwa, ambayo kwa nusu saa haifiki hata MB 30, iwe ya kuwatumia wakaguzi wa maombi ya cheo. Faili lipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, ili hata baada ya miaka mitano lijipange lenyewe.

Sauti peke yake haitoshi. Iambatane na ukurasa mmoja unaotaja jina la kipindi, kituo, tarehe na saa ya kurushwa, urefu kwa dakika, watu waliohojiwa, na zaidi ya yote, nani alifanya nini: aliyetafiti, aliyeandika muswada, aliyehariri, aliyesoma. Hapo ndipo maombi mengi huyumba. Mwalimu anaandika "nilishiriki", na mkaguzi hajui kama alibuni kipindi au alialikwa dakika kumi kama mgeni. Barua ya meneja wa kituo yenye saini na mhuri iombwe mfululizo wa vipindi unapomalizika. Mameneja huhama, na mgeni aliyeshika nafasi hawezi kuthibitisha asichokishuhudia.

Kwenye makala za majarida, maneno matatu huchanganywa mno: imewasilishwa, imekubaliwa, imechapishwa. Iliyowasilishwa haijawa mafanikio, na kuiorodhesha pamoja na zilizochapishwa hutia shaka hata kwenye zile za kweli. Jarida nalo likaguliwe kabla ya kupeleka kazi. ISSN, namba ya kulitambulisha jarida, ni tarakimu nane (ya mwisho huweza kuwa herufi X), nayo hutafutwa kwenye tovuti rasmi ya ISSN. Lakini kuwa nayo si cheti cha ubora, kwa sababu wapo matapeli wanaonakili jina na ISSN ya jarida halisi na kufungua tovuti bandia. Kinachofichua ni mwendo wa kazi. Jarida likiikubali makala ndani ya siku tatu bila maoni hata moja ya wasomi wanaoihakiki, kisha likadai ada, mwandishi asilipe, aiondoe kazi yake.

Tatizo la majina linaumiza zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja huandika majina mawili kwenye makala hii, matatu kwenye ile, na kwingine herufi za mwanzo tu. Hifadhidata humgawa akawa watu watatu, na hesabu ya waliozirejelea kazi zake hugawanyika vivyo hivyo. ORCID, namba ya bure ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, ilianza kutolewa 2012 kwa ajili ya tatizo hili. Mwalimu ajisajili mapema, achague namna moja ya kuandika jina lake, kisha aingize hata kazi za zamani.

Gazeti la mafunzo nalo lina haki yake. Mhariri msimamizi atunze nakala mbili, rasimu ya mwanafunzi yenye masahihisho yake na ukurasa uliochapwa. Zikiwekwa pamoja, mkaguzi anaona aya iliyohamishwa, chanzo kilichoongezwa na kichwa cha habari kilichobadilishwa, yaani ufundishaji wenyewe.