Siku Moja Maishani Mwangu: Redio Tatu Ndani ya Land Cruiser Moja

Saa 1 asubuhi. Gari nitakalolifungia redio limenitangulia getini. Mwenyewe ni mwongoza watalii wa siku nyingi hapa Arusha, na Land Cruiser hii yenye paa la kufunuka ni mali yake, anaifanyia kazi popote anapoitwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Leo nataka nisikike."

Kwenye boksi ana redio za upepo tatu: HF ya kufika mbali, VHF ya kuongea na madereva wenzake porini, na UHF ya kambi anakopeleka wageni. Kabla ya spana naomba vibali vya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, maana masafa nitakayoyaingiza lazima yawe yale yaliyoandikwa humo. Anavyo, kwenye bahasha ya plastiki.

Wapo wanaoona redio tatu ni mbwembwe siku hizi za simu. Hao hawajakwama Serengeti mahali pasipo na mtandao, jua linazama na una wageni sita ndani ya gari. Kila redio ina kazi yake. VHF husafiri moja kwa moja, kwa hiyo ukishuka bonde la Ngorongoro, mita 600 hivi chini ya ukingo, kuta zinaizuia. HF hupanda hadi ionosfea, tabaka la juu la anga, na kurudishwa chini, hivyo inaruka kuta hizo na kufika Arusha.

Saa 2. Napima umeme. Gari hili lina betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, volti 24, na redio zote zinataka 12. Njia ya mkato ninayoikuta kwenye magari mengi ni kuchota volti 12 kutoka betri moja tu. Redio zitawaka, lakini betri ile itaisha mapema huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati. Nafunga konveta ya kushusha volti 24 hadi 12, ya ampea 40: HF ya wati 100 pekee hula kama ampea 20 mtu anapoongea. Waya nene unatoka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani usiwashe moto.

Saa 4. Antena. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo nisipokubali kuharakishwa. Antena ya VHF ya robo wimbi, yaani robo ya urefu wa wimbi lake la redio, ina urefu wa sentimita 50 hivi, ya UHF kama 16, na zote mbili zinahitaji bati chini yake. Sasa paa la gari la utalii linafunuka, na vifuniko vya hili ni faibaglasi. Ukiifunga antena pale juu, inakosa bati la kuitegemeza. Naiweka VHF kwenye kipande cha bati juu ya kichwa cha dereva, UHF naipeleka nyuma kabisa. Zikikaribiana sana, moja ikirusha nyingine inakuwa kiziwi. HF ni habari nyingine: kwenye masafa ya megahezi 7 robo wimbi inazidi mita 10, urefu usiobebeka na gari lolote, kwa hiyo inakaa antena fupi yenye koili kwenye bampa la mbele. Nakwangua rangi hadi chuma king'ae, kisha naunganisha boneti na bodi kwa mikanda ya erthi. Bawaba peke yake si erthi.

Saa 7. Wali maharage, kisha tunarudi.

Saa 8. Miili ya redio inaingia chini ya kiti, nyuso zake tu ndizo zinazopanda kwenye dashibodi. Nakaa kwenye kiti cha dereva, nafunga mkanda, nanyoosha mkono. Maiki ya VHF, inayotumika kila saa, iwe ya karibu kuliko zote. Pasiwe na chuma mahali goti litakapogonga, breki ikikanyagwa ghafla. Nati zote ni za kujifunga, maana mtikisiko wa barabara ya vumbi hulegeza kila kitu.

Saa 9. Nawasha HF, inavuma. Nazima injini, bado inavuma, basi si oltaneta inayochaji betri. Naipa HF umeme wa betri ya pembeni kisha nazima konveta: kimya kabisa. Naihamishia konveta upande wa pili wa gari, nafupisha waya wake wa erthi, nabana vipande vya feraiti, vya kuzuia kelele za umeme, kwenye nyaya zinazoingia na kutoka. Mvumo umeshuka hadi sauti hafifu za mbali zinasikika. Ingekuwa rahisi kumwambia mzee "itazoeleka", lakini sauti ile hafifu huenda siku moja ikawa ya mtu anayeomba msaada.

Saa 10. Mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena (ikikaribia 1 ndiyo nzuri), inasoma 1.3 kwa VHF, 1.4 kwa UHF. Ya HF narekebisha koili hadi inashuka chini ya 1.5. Kisha narusha kwa kila redio huku nyingine mbili zikisikiliza.

Saa 11. Mzee anashika maiki ya HF, anaita mwenzake aliye Seronera, katikati ya Serengeti, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Jibu linarudi limekwaruza kidogo lakini kila neno linaeleweka. Namwandikia vipimo vyote kwenye karatasi pamoja na ukubwa wa kila fyuzi, anaiweka kwenye bahasha ya vibali. Keshokutwa alfajiri anapeleka wageni Ndutu.