Mahali Alipoonekana

Juzi usiku binti yangu alinijia na daftari lake la shule, akitaka nimsaidie kuandika habari za ndege wa Pemba. Kabla sijamjibu alikuwa ameshaipata mwenyewe, ndani ya simu yangu ya zamani ambayo siku hizi huichezea yeye, picha ya bundi mdogo mwenye manyoya ya rangi ya kutu na macho ya manjano. Mwalimu amewapa jedwali la kujaza: jina la ndege, chakula chake, sauti yake, mahali alipoonekana. Tatu za mwanzo tulizimaliza upesi. Tulipofika ya nne nilimwambia aandike Pemba.

"Baba, Pemba yote?"

Picha ile niliipiga mwishoni mwa mwaka 2016, katika shamba la mikarafuu lililopakana na nyumba ya Bibi, upande wa Konde, si mbali na msitu wa Ngezi. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuwatembeza wageni msituni, na nilijua vyema kwamba bundi huyu, ambaye urefu wake haupiti shibiri moja, haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu. Kitaalamu alielezwa na kupewa jina na Pakenham, mchunguzi wa ndege, mwaka 1937, na leo huhesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini. Wengi hudhani hukaa Ngezi tu, lakini hukaa pia katika mashamba ya mikarafuu iliyozeeka, palipo na miti mikubwa yenye matundu na majani ya kujifichia mchana. Hawa wawili walikuwa wameuchagua mwembe mkongwe. Walikaa bega kwa bega juu ya tawi, wamefumba macho, na nisingewaona kama si kinyesi cheupe kilichokauka juu ya majani chini yake.

Bibi alinikuta nimesimama pale nikitazama juu.

"Umewaona?" akaniuliza.

"Kumbe unawajua, Bibi?"

"Nawasikia tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Mmoja huita, mwenziwe akamjibu."

"Mbona hujapata kutwambia?"

"Ningemwambia nani, mjukuu wangu? Bundi akisikika kwa fulani, watu husema kwa fulani kutatoka maiti. Wakishasema hivyo, mkono wa pili huokota jiwe."

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Usiku ule ule niliiweka picha mtandaoni pamoja na alama ya ramani iliyoonyesha mwembe wenyewe. Sikufanya hivyo kwa sifa peke yake, ingawa sifa nilizipenda. Niliamini kwa dhati kwamba ndege anayejulikana na wengi hulindwa na wengi, na hoja yangu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimesoma habari za osprei, ndege mwindaji wa samaki, waliorudi kutaga Scotland baada ya kutoweka huko kwa miaka mingi. Mwaka 1958 mayai yao yaliibwa kwenye kiota cha Loch Garten, ingawa palikuwa na walinzi. Mwaka uliofuata chama cha kuhifadhi ndege cha Uingereza, badala ya kuzidisha siri, kiliamua kukitangaza kiota chao na kuwaalika watu waje wakitazame kutoka kwenye kibanda maalumu, na maelfu walikuja. Kiota kikawa mali ya umma, na macho ya watu yakawa sehemu ya ulinzi wake. Niliona kilichofaa kule hakiwezi kukosa kufaa kwetu. Nilichokiruka katika kisa hicho ni kwamba waliotangaza ndio waliokesha pale usiku na mchana, kwa zamu, wakiwa wamewekeza watu na fedha. Mimi nilitangaza, nikaenda kulala.

Wageni walianza kufika ndani ya wiki ile, wengine na wenyeji wao wa kuwatembeza, wengine peke yao wakifuata simu mkononi. Jioni moja niliwapeleka watu watatu mwenyewe, na jioni hiyo ndiyo inayonirudia.

Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa na giza limeanza kushuka baina ya mikarafuu. Mmoja wa wageni, mtu mpole ambaye sikumwona na nia mbaya hata kidogo, alitoa spika ndogo mfukoni, akaiweka juu ya kisiki, akaicheza sauti ya bundi: huu, kisha kimya, kisha huu. Haikupita dakika moja yule dume akashuka. Alitua kwenye kijiti cha mkarafuu, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama, akaigeukia ile spika. Nilimwona kwa mwanga wa tochi akiwa amejitutumua manyoya hadi akaonekana mara mbili ya umbo lake, koo likivimba kila anapoita. Spika ikaita, naye akaijibu. Ikaita tena, akasogea karibu zaidi. Mdudu mkubwa, nadhani senene, alipita mbele yake kabisa kwenye ule mwanga, na chakula cha ndege huyu ni wadudu, lakini hakugeuza hata kichwa. Alikuwa na kazi moja tu, kumtoa mgeni asiyeonekana katika shamba lake, na mgeni huyo hakuwa na mwili wa kutolewa. Nilitazama saa: tulikaa naye dakika arubaini. Jike hakuita hata mara moja. Wageni walishukuru sana, wakanipa bakhshishi nzuri, na mimi nikaipokea.

Kesho yake walikuja wengine na spika nyingine, na keshokutwa wengine tena. Mjini kulikuwa na maneno tayari. Watu wazima wanaoingia shambani usiku kumwita bundi, ndege wa uchuro, wanatafuta nini? Wapo waliosema lazima ana dawa, wapo waliosema ananunuliwa kwa dola. Watoto walianza kuzifuata tochi, na siku moja niliwakuta wawili na manati chini ya mwembe. Niliwafukuza kwa ukali, kisha nikabaki nimesimama pale nikijiuliza ni nani aliyewaonyesha njia.

Hata mwezi haukumalizika, bundi wakanyamaza. Kama walipigwa, kama walihama, kama walichoka tu, sikupata kujua. Niliifuta picha pamoja na alama ya ramani, wakati ambapo haikusaidia tena. Bibi hakunilaumu. Alisema tu kwamba usiku umekuwa mrefu.

Kwa muda nilishika msimamo wa Bibi bila kuuhoji: uone, unyamaze. Mbona hata hifadhidata kubwa ya eBird, inayokusanya taarifa za watazamaji ndege duniani, hulifunika eneo halisi la ndege walio katika orodha yake ya wanaoweza kudhuriwa wakijulikana walipo, ikaonyesha mraba wa kilomita 20 tu. Kwa Pemba, mraba kama huo hukifunika kisiwa karibu upana wake wote. Niliona hilo ndilo jibu, mpaka siku niliyoamkia kelele za shoka upande wa shambani.

Nilipofika, mwembe ulikuwa chini. Fundi wa mitumbwi alikuwa ameshaukata vipande, na tezo lake lilikuwa likiruka juu ya shina, vibanzi vyeupe vikimrukia miguuni. Tawi lenye tundu lilikuwa limetupwa kando pamoja na kuni. Niliingiza mkono ndani yake bila kujua natafuta nini, nikagusa unga wa mti uliooza na manyoya mawili madogo, makavu, ambayo huenda yalikuwa ya mwaka uliopita na huenda yalikuwa ya jana.

Kwetu shamba huweza kuwa la huyu na mti ukawa wa yule. Mwembe ule ulikuwa wa mzee mmoja ambaye nyumba yake naiona nikisimama barazani kwa Bibi. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamweleza habari za bundi tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Watu wa Ulaya wote uliwaambia," alisema taratibu. "Miye mwenye mti mbona hukunambia?"

Sikuwa na la kumjibu. Aliniambia kwamba fundi alimpa bei ndogo tu, na kwamba angeweza kumuuzia mwembe mwingine.

Sasa ninawajua bundi wengine wawili. Mahali pao napajua mimi, anapajua mwenye shamba, ambaye nilikaa naye asubuhi mbili kabla hajakubali kwamba hawamletei balaa, na nimempa taarifa mtu wa misitu ninayemwamini, kwa maandishi, na tarehe, kwa sababu siku watakapokuja kupima viwanja pale, ndege ambaye hajaandikwa popote atahesabika hayupo. Nisikiapo kwamba mtu mmoja miongoni mwa hao huenda akamwambia mwingine, usingizi hunipaa. Nisikiapo kwamba shamba jingine limekatwa na hakuna aliyejua kilichokuwamo, hunipaa vilevile.

Binti yangu alisubiri jibu mpaka akasinzia juu ya meza. Nilimbeba nikampeleka kitandani, kisha nikarudi kulitazama daftari. Amechora tawi vizuri, na macho ameyapaka rangi ya manjano kwa kukandamiza penseli mpaka karatasi ikakwaruzika. Amepiga mstari mrefu mbele ya maneno "mahali alipoonekana" na kuuacha mtupu, na pembeni amebandika kikaratasi: "Baba nijazie, kesho tunakusanya."