FreeType kwenye Ubuntu na Debian: toleo lipi hasa unalo?

Kwa wanaokompaili programu zinazochora maandishi: FreeType, maktaba ya kuchora herufi za fonti, imegawanywa katika vifurushi vikuu viwili. `libfreetype6` ndicho kinachotumika programu inapoendeshwa, na kwenye kompyuta yenye eneokazi karibu kila mara kimeshawekwa. Unachokosa ni cha pili, `libfreetype-dev`, chenye faili za kukompailia. Ukiona kosa la `ft2build.h: No such file or directory`, andika:

`sudo apt install libfreetype-dev pkg-config`

Kosa likibaki palepale, kompaila haijui njia. Faili hiyo hukaa ndani ya `/usr/include/freetype2`, si `/usr/include` yenyewe. Usiandike njia kwa mkono, acha `pkg-config` ikujazie:

`gcc maandishi.c $(pkg-config --cflags --libs freetype2) -o maandishi`

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. `pkg-config --modversion freetype2` ikikujibu 26.1.20, usidhani umeruka matoleo. Hiyo ni namba ya libtool, zana ya kujengea maktaba yenye hesabu yake ya matoleo. Toleo lenyewe ni 2.13.2. La kweli utalipata kwa `apt policy libfreetype6`. Hata hilo halitoshi kukuambia kama uko salama: pengo la usalama CVE-2025-27363 (CVE ni orodha ya mapengo ya usalama yanayojulikana) linahusu 2.13.0 kurudi nyuma, lakini Debian na Ubuntu huweka viraka vya usalama kwenye toleo lilelile la zamani. Fungua `apt changelog libfreetype6` uitafute namba hiyo ya CVE.

Na jamani, msikiondoe `libfreetype6` eti mkiweke upya. Programu chungu nzima zinakitegemea, nazo zitaondoka nacho. Kuna `sudo apt install --reinstall libfreetype6`.