Siku yangu na darasa la sita: kipindi cha viboko 25

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai ya rangi, daladala, kisha robo saa kwa miguu kwenye vumbi la Dodoma. Ni zamu yangu, kwa hiyo nakagua usafi, vyoo, mstari, wimbo wa taifa.

Saa 3 ndipo kazi inapoanza hasa. Watoto 84, dawati moja wanne. Mada ni makosa na adhabu zamani. Tunaanzia nyumbani: wazee wa Kigogo wamekaa chini ya mti, aliyekosa analipa mbuzi au ng'ombe. Hapo kila mtoto ana babu wa kumsimulia. Kisha Wajerumani. Nikawaeleza kuwa kiboko kilikatwa kwenye ngozi ya mnyama mwenyewe, jina likabaki, na kwamba amri ya mwaka 1896 iliruhusu viboko 25 kwa mkupuo. Ndiyo ile "hamsa ishirini" ya wazee. Tukahesabu kwa makofi, polepole. Mpaka kumi walikuwa wanacheka. Kumi na tano, sauti zimepungua. Waliofika 25 ni wachache, na binti mmoja wa mbele alikuwa ameficha viganja kwapani.

Mkono ukanyooshwa nyuma. "Mwalimu, Wajerumani waliondoka. Mbona fimbo imebaki?"

Fimbo ilikuwa mezani, mbele yao. Nikamjibu ukweli: kanuni zetu zinairuhusu, ila visizidi vinne, kwa idhini ya maandishi ya mwalimu mkuu, na viandikwe kitabuni.

"Vinne?" wakaanza kuulizana.

Uji, hisabati, darasa la nne. Saa 7 na kitu akaja mzazi, mwanawe alikwenda kula nyumbani akasimulia yote. "Mwalimu, unawafundisha watoto kutuhesabia fimbo?" Nikampa kiti. Alikaa karibu saa nzima. Yeye alichapwa, ndiyo maana leo ni mtu, watoto wa siku hizi hawasikii, mimi nitawaharibu. Nikamwambia simfundishi mtoto ukaidi, baba, namfundisha kwamba adhabu huwekewa mpaka na watu, na watu hao huulizwa. Akarudia yaleyale. Nikarudia yangu. Aliondoka akisema, "Wangu akikosa, mchape tu." Nilichoka kuliko vipindi sita, lakini nashukuru alikuja kuniuliza mimi.

Usiku nasahihisha. Swali: aliyeiba mbuzi afanywe nini? Wengi wameandika arudishe mbuzi na aongeze mwingine. Mmoja hakuandika neno. Amechora vistari 25 kwa penseli, vitano vitano, kisha akafuta 21. Kwenye karatasi alama zake bado zinaonekana.