Prosesa ilifika digrii 100, kumbe ni pini moja

Kwa wiki tatu gemu kwenye kompyuta yangu zilikuwa zinaanza vizuri, halafu baada ya dakika kumi hivi zinaganda na kuachia, zinaganda na kuachia. Fremu zilishuka kutoka 90 hadi 25 kwa sekunde. Nikaiacha HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi ya kompyuta, irekodi wakati nacheza: prosesa 100°C, kasi imeporomoka mpaka GHz 1.2, ilhali kadi ya grafiki iko 64 tu. Prosesa ilikuwa inajipunguzia kasi isiungue.

Nilipuliza vumbi, nikaongeza feni ya kesi, nikaweka Windows upya. Wapi! Pasti mpya ya joto, ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto, ikanipa nafuu ya siku moja.

Mwishowe nikatoa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) nje nikaigeuza. Feni ya prosesa yangu hushikwa na pini nne za plastiki. Tatu zilikuwa zimetokeza nyuma na kutanuka. Ya nne imeingia nusu. Ukiangalia kwa juu huoni kitu, zote zinaonekana zimekaa. Kichwa chake kilikuwa kimezungushwa kufuata mshale uliochorwa juu yake, na mshale ule ni wa kufungulia, si wa kufungia.

Nikairudisha feni upya: vichwa vyote kinyume cha mshale, pasti ya zamani nikaifuta kwa spiriti, mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Kisha nikabonyeza kona kwa kona, kwa mshazari, mpaka nikasikia "tak" nne.

Sasa nacheza saa mbili mfululizo na haivuki 72°C. Ukisikia "tak" tatu tu, geuza mazabodi uangalie kabla hujafunga kesi.