Uzoefu wangu: kuandaa waangalizi wa dhoruba kwenye mialo ya Mwanza

Kinachozamisha mitumbwi kwenye dhoruba za ziwa letu, Victoria, ni upepo unaoitangulia mvua. Huweza kufika dakika kumi, hata ishirini, kabla ya tone la kwanza. Mafunzo ninayopanga kwa waangalizi wa kujitolea wa Igombe, Kayenze na Nansio, mialo yetu, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, yamejengwa juu ya dakika hizo: nini kinaonekana kabla ya upepo, na habari yake inamfikiaje aliye majini wakati bado anaweza kuvuta nyavu na kukimbilia kwenye kinga ya kisiwa.

Naanza na swali la kwa nini usiku. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hayapoi haraka. Jua likizama nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unaanza kuvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani kwa pande zote. Pepo hizo zikikutana, hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, na mawingu ya radi yanaota kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana mambo yanageuka, mawingu makubwa yanajengeka nchi kavu. Mvuvi wa dagaa anafuata giza, siku ambazo mbalamwezi haipo, kwa hiyo saa zake za kazi ndizo saa za radi. Mwangalizi akishaelewa hilo haulizi tena kwa nini zamu nzito ni ya saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Marekani wana mtandao wa waangalizi wa kujitolea uitwao Skywarn, chini ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo, na mengi ya mafunzo yao yanapatikana bure. Nimechukua kwao namna ya kuripoti. Sehemu kubwa ya picha zao nimeiacha, kwa sababu zinahusu vimbunga vya nchi kavu kwenye mbuga tambarare, na mtu akifundishwa kutafuta wingu la aina hiyo atapita upepo wa Ghuba ya Speke, hapa kwetu ziwani, bila kuuona.

Kila mwalo una waangalizi wanne: wawili nchi kavu na wawili manahodha. Kwa zamu za mchana ninaowategemea zaidi ni akina mama wanaoanika dagaa. Wao huangalia mbingu kila baada ya dakika chache kwa sababu dagaa wakilowa hasara ni yao, na wanajua wingu la kweli na wingu la kupita. Wanachohitaji kuongezewa ni lugha ya kuripoti tu.

Somo la usiku ndilo refu kuliko yote, na nalifanyia ufukweni gizani, si darasani. Aliyekaa karibu na karabai au taa ya sola hawezi kuona wingu. Lazima aipe mgongo taa kwa dakika kama kumi macho yazoee giza, kisha aangalie chini kwenye upeo, asianzie juu. Anatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni nyota kupotea kuanzia chini kwenda juu upande mmoja. Cha pili ni taa za mitumbwi ya mbali. Usiku mtulivu zinaonekana kama mstari wa vijiji. Zikianza kuzimika moja baada ya nyingine kutoka upande uleule, mvua imezifunika, na upepo wake huenda tayari umeshampita mwenye taa ya mwisho. Hapo hakuna kusubiri uhakika, ni kupiga simu.

Radi tunaipima kwa kuhesabu. Mwanga ukionekana, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike, gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Watu wakishikwa na hofu huhesabu haraka mno, kwa hiyo tunahesabu kwa sauti, «mia na moja, mia na mbili, mia na tatu», ambayo kwa mwendo wa kawaida inakaribia sekunde moja kila moja. Hesabu moja haitoshi. Ukipata sekunde 24, radi iko kilomita 8. Baada ya dakika tano ukipata 15, iko kilomita 5. Imekata kilomita 3 kwa dakika tano, yaani inakuja kwa mwendo wa karibu kilomita 36 kwa saa. Hapa kuna jambo ninalolirudia hadi wachoke kunisikia: hesabu hiyo ni ya radi. Upepo wa baridi unaoshuka kutoka kwenye wingu na kutambaa juu ya maji huwa mbele yake, na radi ikiwa kilomita 5 upepo unaweza kuwa umeshafika. Ngurumo ikisikika upande unaotoka mawingu, tayari kuna la kuripoti.

Mchana dalili kubwa ni mstari mweusi juu ya maji. Ziwa linang'aa, halafu upande mmoja linakuwa na rangi ya kijivu iliyokolea, na ukingo wake unasogea. Ule ndio upepo wenyewe ukikwaruza maji. Mara nyingi juu yake kuna wingu la chini, refu, lililolala. Joto likikatika ghafla na upepo ukageuka upande kwa mara moja, mstari umefika.

Kuna ripoti moja ya uongo isiyo na nia mbaya inayojitokeza sana: mkonga wa maji. Mkonga wa kweli, ule unaoning'inia kutoka kwenye wingu hadi majini, upo ziwani na ni hatari. Lakini wadudu wadogo wa ziwani nao hupanda kwa mamilioni na kuonekana kwa mbali kama nguzo ya moshi. Tofauti ni hizi. Mkonga una wingu jeusi lenye tumbo bapa juu yake na umeshikana nalo, na chini yake maji yanarushwa kwa duara. Wadudu hawashikani na wingu, kilele chao kinatawanyika, na mara nyingi hutokea ziwa likiwa limetulia. Asiye na uhakika aseme «nguzo, sijaona ikishika wingu». Ripoti ya namna hiyo ni nzuri kuliko ya mtu anayeapa.

Nguvu ya upepo haturipoti kwa kilomita. Mwangalizi anasema alichokiona, mimi au mwenzangu wa zamu tunatafsiri kwa kipimo cha Beaufort. Povu jeupe likiwa limetapakaa hapa na pale kwa wingi kiasi ni kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Povu kila mahali na matone yakianza kurushwa, 29 hadi 38. Matawi makubwa yakiyumba, nyaya zikipiga mluzi na mwavuli ukiwa haushikiki, 39 hadi 49. Miti mizima ikitikisika na kutembea kukiwa kwa shida, 50 hadi 61. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kwa hiyo mluzi wa nyaya ni dalili ninayotaka kila mtu aikariri.

Mawimbi hukuzwa sana na macho. Aliye mtumbwini atulie, na mtumbwi ukiwa bondeni mwa wimbi aangalie: kilele kinachokuja kikilingana na upeo wa ziwa, wimbi lina kimo sawa na kutoka majini hadi machoni mwake. Aliyekaa kwenye mtumbwi mdogo, hiyo huwa karibu mita moja. Mvua ya mawe ipigwe picha kando ya sarafu. Mvua ya kawaida tunaipima kwa chombo chenye kuta zilizonyooka, saa 3 asubuhi, na haina haraka.

Sasa mawasiliano, ambako kazi nyingi nzuri hupotelea. Ripoti ina vitu vinne kwa mpangilio usiobadilika: uko wapi, saa ngapi, umeona nini, kinatoka wapi. «Nansio hapa. Saa 9 na dakika 10 usiku. Upepo umefika, matawi makubwa yanayumba, mvua bado. Unatoka mashariki, upande wa Kibara.» Anayepokea anairudia yote, anayeripoti anasema «sawa», simu inakatwa. Salamu hazipo. Hili lilihitaji kukubaliwa na wazee wa mwalo kwanza, maana kijana kumpigia mtu mzima usiku bila shikamoo ni utovu wa adabu. Tulikubaliana mbele yao kwamba simu ya dhoruba haina salamu, na shikamoo italetwa asubuhi.

Saa ni lazima itajwe na wakati wake: usiku, alfajiri, asubuhi, mchana. Simu nyingi zinaonyesha 03:10, mtu anaiandika «saa 3 na 10», na ripoti inapotea kwa saa sita. Tarehe nayo isemwe «usiku wa kuamkia Jumatano». Upande nao usemwe kwa «unatoka», kamwe «unaenda», kwa sababu wingu linaweza kuonekana kaskazini huku upepo wake unatoka mashariki. Na jina la kisiwa au mlima linafuata baada ya dira, kwa faida ya nahodha asiyetumia dira.

Simu ya sauti ndiyo njia ya kwanza. Kundi la WhatsApp ni la picha na kumbukumbu. Wakati wa dhoruba linafungwa, wasimamizi pekee wanaandika. Sababu ni mbili: ujumbe unaweza kukaa bila kusomwa kwa nusu saa, na picha za dhoruba za mwaka juzi husambazwa zikiwa hazina tarehe. Nahodha anabeba simu ndogo ya vitufe yenye laini mbili za mitandao tofauti, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, ndani ya kopo lenye mfuniko. Simu ya kioo ikishika maji ya mikono haisikii kidole. Redio ya upepo («radio call») ni nzuri pale simu haifiki, ila inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na mawimbi yake hukatwa na vilima vya visiwa.

Mnyororo ni mfupi. Mwangalizi anampigia msimamizi wa zamu. Msimamizi anapiga kwa mwalo unaofuata upande ambao wingu linaelekea, kisha ofisi ya TMA. Mawingu huku mara nyingi husogea kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo Igombe inasikiliza sana Nansio na Kayenze. Ripoti ya Lamadi, mbali zaidi mashariki, naiandika kama habari tu: wingu moja la radi mara nyingi huishi chini ya saa moja, na litakalofika Igombe huenda ni jingine kabisa lililoota njiani.

Mwangalizi hatoi tahadhari. Kwa Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya mwaka 2019, kutoa tahadhari za hali ya hewa ni kazi ya TMA. Sisi tunasema tulichoona, na tahadhari ya TMA ikitoka tunaisoma neno kwa neno: eneo, muda, kiwango. Anayeongeza «kutakuwa na maafa» anaondolewa kwenye zamu.

Kuna jambo ambalo wengi hulidharau, nami nalishikilia kuliko yote: ripoti ya «hakuna kitu». Saa 2 usiku, saa 6 na saa 9, kila kituo kinapiga hata kama mbingu ni safi. Kituo kikinyamaza hujui kama hali ni shwari, mwangalizi amelala, au chaji imeisha. Kituo kisichopiga kwa wakati kinapigiwa. Kisipopokea, mwalo jirani unaambiwa uangalie upande huo pia.

Mwaloni tunatumia bendera nyekundu mchana, na usiku taa nyekundu juu ya mlingoti pamoja na kipaza sauti. Kuishusha ni muhimu sawa na kuipandisha. Bendera iliyoachwa siku nzima baada ya ziwa kutulia inawafundisha watu kutoitazama, kwa hiyo anayeipandisha anaandika kwenye daftari jina lake na saa, na ndiye anayeishusha.

Mwangalizi mwenyewe asife. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, aingie kwenye nyumba yenye kuta au gari lililofungwa, na abaki hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Banda la mabati lisilo na kuta pale mwaloni si kinga ya radi, wala mti, wala mlingoti wa bendera. Aliye majini avae jaketi okozi kabla ya kupiga simu, maana baada ya upepo kufika mikono yote miwili itahitajika kwenye kasia na mashine.

Mazoezi nayafanya wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzika na manahodha wako nyumbani, mara moja kabla ya Vuli na mara moja kabla ya Masika. Nampigia mtu wa Nansio bila kumwambia siku, anatoa ripoti ya mfano, na tunaangalia saa. Tangu simu ya kwanza hadi nahodha wa mwisho wa Igombe airudie ripoti kwa usahihi zisizidi dakika tano. Zikizidi, tunatafuta kiungo kilichochelewa, na mara nyingi ni mtu mmoja aliyepewa namba nyingi za kupiga. Dawa ni kumgawia namba tatu tu, nyingine apewe mwenzake, na zoezi lirudiwe usiku unaofuata.