Mguu wa Tano wa Lamasu

Nilishuka metro kituo cha Palais Royal–Musée du Louvre asubuhi, milango ya makumbusho ikiwa bado haijafunguliwa. Watu wengi tulioingia nao waliharakisha kwenda upande wa Denon kumwona Mona Lisa. Mimi nilishika njia ya upande wa Richelieu hadi ukumbi wa Khorsabad, chini ya paa la kioo, kwa sababu safari yote hii ya Paris nilikuwa nimemfuata lamasu.

Ni fahali mwenye mabawa ya tai na uso wa binadamu, kimo chake kinapita mita nne. Waashuri, watu wa himaya ya kale ya Mesopotamia, walimsimamisha langoni alinde. Nguvu ni za fahali, wepesi wa tai, akili ya mtu. Na pembe zinazozunguka taji lake ni alama ya uungu. Nilipomsogelea niliona masikio ni ya ng'ombe, nayo yamevishwa hereni!

Kisha ile miguu. Ukimkabili mbele, unaona miwili imesimama sambamba, hapiti mtu. Ukizunguka ubavuni, unaona minne, naye anatembea. Simama kwenye pembe, utahesabu mitano. Mchongaji alimfikiria anayekuja na anayepita, akamtosheleza kila mmoja. Sijaona ustadi wa jiwe ulionigusa kuliko huo.

Katikati ya miguu kuna maandishi ya kabari yanayomsifu mfalme Sargon II na kumlaani atakayelidhuru kasri lake. Mji wa kasri hilo, Dur-Sharrukin, ndio Khorsabad, kaskazini mwa Iraki ya leo. Aliuzindua mwaka 706 KK. Mwaka uliofuata aliuawa vitani Tabal, katika Uturuki ya leo, na maiti yake haikupatikana. Mwanawe Sennacherib akahamishia makao Nineveh. Lango lilikuwa na walinzi kamili, lakini kifo kilimkuta mfalme mbali nalo.

Wafaransa walianza kuchimba huko mwaka 1843, chini ya Paul-Émile Botta. Mwaka 1855 shehena kubwa ya sanamu walizokuwa wakisafirisha ilizama mtoni karibu na Qurnah, kusini mwa Iraki. Na mwaka 2023, palepale Khorsabad, alifukuliwa tena lamasu wa takriban tani 18, mzima isipokuwa kichwa. Kichwa kilikatwa na wezi miaka ya 1990, wakakipasua vipande wakauze. Sasa kimehifadhiwa Baghdad. Kwa maoni yangu kichwa na kiwiliwili viunganishwe hukohuko Khorsabad, si Paris wala kwingineko.